Radi si Fasihi

Mwalimu wetu wa Kiswahili hakuwahi kumpiga mtoto hata kofi, na kwa sababu hiyo tulimwogopa kuliko walimu wote wenye bakora. Bakora ina mwisho wake: unalia, unajipangusa, unarudi kwenye dawati, yamekwisha. Yeye alikuwa akiichukua insha yako na kuisoma mbele ya darasa kwa sauti ya chini, bila kutaja jina, na akifika pahala palipoandikwa ovyo husita. Hutuangalia. Kisha husema, "Hapa mwandishi kalala," akaendelea. Darasa zima lilimjua mwandishi, maana alikuwepo mmoja tu aliyeinama mpaka paji la uso likagusa meza.

Mvulana mmoja wa Kisiwa Panza, mkubwa kuliko sote, alimwendea mwalimu mkuu kumwomba achapwe ili insha yake isisomwe. Mwalimu mkuu alicheka, akamrudisha darasani, na insha ikasomwa. Baadaye, mtu mzima mwenye mke na watoto, alipokuwa akipita dukani kwangu Mtambile kununua kitambaa cha sare, alishusha sauti kabla ya kuniuliza, "Bi Mwalimu hajambo?" Aliuliza kama mtu anayeulizia bahari imeamkaje.

Kwa umbo Bi Mwalimu alikuwa mfupi, mwembamba, wa kupeperushwa na upepo. Buibui lake lilikuwa limefifia mabegani, na chaki zake alizifunga kwenye leso ili zisimchafue vidole. Alikunywa chai kavu bila sukari, na mkate wake wa boflo aliumega vipande vidogo vidogo kama anayewalisha vifaranga. Wakati sisi tunamjua hakuwa na mume; kama aliwahi kuwa naye, hakuna aliyethubutu kuuliza. Alikaa peke yake nyuma ya skuli, katika nyumba ndogo yenye vyuma madirishani na kufuli mbili mlangoni. Zile kufuli mbili tulizichukulia kuwa ni ukali. Ilitupita miaka kabla hatujafahamu kuwa ni woga.

Maana yule mwanamke aliyetutia hofu alikuwa mwoga kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Akimkuta ng'ombe amefungwa kando ya njia, alizunguka kupitia makonde ya watu, akafika skuli na mbegu za nyasi zimemganda kwenye upindo wa buibui. Aliogopa popo. Aliogopa kisima kisichofunikwa. Na bahari aliiogopa kwa namna ya peke yake, mtu aliyezaliwa akazeeka kisiwani. Darasa letu lilipopelekwa Kisiwa Panza kutembea, alitufikisha ufukweni Chokocho akasema atatungoja hapo hapo. Tukavuka, tukashinda huko, tukacheza. Tuliporudi tulimkuta pale pale tulipomwacha, kasimama juani, tasbihi mkononi, midomo imemkauka. Alitugusa begani mmoja mmoja kadiri tulivyoshuka chomboni, na hakusema neno mpaka wa mwisho wetu alipokanyaga mchanga.

Lililotutisha zaidi ni woga wake wa radi. Darasani alisema Kiswahili kilichonyooka kama rula, na ukimjibu kwa Kipemba alikutaka urudie. Lakini mbingu zikinguruma aliiacha chaki, akaenda kuegemea ukuta wa nyuma, mbali na dirisha, akasoma alichosoma kimoyomoyo, na lugha ikambadilika kinywani. "Kaani kitako nyote, msende dirishani, n'nakwambieni," alisema, na sauti ilikuwa ya mtoto. Hakuna aliyecheka. Kumwona mtu unayemwogopa naye akiogopa hakukupunguzii hofu. Sisi kulituongezea. Tulijiuliza yeye anajua nini tusichokijua.

Siku hizo vijana tulikuwa tukisoma vijitabu vyembamba vilivyoletwa kutoka bara, karatasi zake rangi ya chai, jaladani mwanamke mwenye kucha ndefu na macho mekundu. Vilipita mkono kwa mkono mpaka kurasa zikawa laini kama kitambaa kilichofuliwa sana. Walivisoma hata wale ambao hawajapata kumaliza kitabu cha darasani. Mwalimu wa nidhamu akivikamata alivichoma. Bi Mwalimu akivikamata alivitia kabatini, na mwisho wa muhula alimrudishia kila mtu chake, kimefungwa gazeti, na maneno yalikuwa yale yale kwa wote: "Kamalize. Ukirudi uniambie nani humo ndani unamjua."

Majini, wachawi, matajiri wenye majumba ya vioo, wasichana wazuri wasiokula wala kukohoa; nani kati yao tungesema tunamjua?

Mimi nilikuwa na kimdomo. Siku moja nikasimama, nikamwambia, "Mwalimu, kweli simjui mtu humo. Lakini kinatisha. Jana sikuweza kwenda chooni peke yangu. Kama mtu anaweza kunitisha hivyo kwa maneno matupu, hajui kuandika huyo?"

Alinitazama. "Na radi inatisha," akasema. "Radi si fasihi."

Darasa lilicheka, nami nikalia njia nzima ya kurudi nyumbani. Nilidhani amenidharau. Sikujua kwamba alikuwa ametoa mfano alioujua kwa ndani kuliko mwingine wowote.

Alikuja mwalimu kijana kutoka Unguja ambaye hakukubaliana naye. Walibishana barazani, sisi tukisikia kupitia madirisha. Kijana alisema, "Wacha wasome chochote, Bi Mwalimu, maadam wanasoma."

"Mtoto anayekula udongo naye anakula," alimjibu.

"Ni ngazi tu hiyo. Leo hivi, kesho vile vyako."

"Wangapi umewaona wakipanda?"

Kijana aliingia darasani kwake, na tulimwona ameshindwa. Lakini wiki ile ile mwalimu wa nidhamu aliwaita wasichana wawili mbele ya mstari akawaambia ni wajinga wa vijitabu. Bi Mwalimu akamgeukia mbele yetu sote. "Hao ndio wasomaji wa skuli hii," alisema taratibu. "Wewe mara ya mwisho umesoma nini?" Hivyo ndivyo alivyokuwa. Vitabu vyetu alivitukana apendavyo, lakini sisi wenyewe hakutaka atutukane mtu.

Mimi nikakua, nikaolewa, nikafungua duka la vitambaa na sare pale Mtambile. Mume wangu kazi yake iko Unguja, huja akipata ruhusa. Dukani kuna saa za kimya, hasa msimu wa karafuu watu wakiwa mashambani, na katika saa hizo nikaanza kuandika kwenye simu. Nilianza kwa kuwafurahisha watoto wa dada yangu. Nikawatumia kipande, wakataka kingine, wakawatumia wenzao, na kabla sijajua hadithi yangu imeshakwenda Wete, imevuka Unguja, imefika bara. Vijana nisiowajua, wa miji nisiyopata kuiona, waliniandikia kwamba hawalali wakingoja kipande kinachofuata.

Hadithi niliiita "Kitanda cha Dirishani." Ilikuwa ya msichana aliyefariki katika dakhalia, bweni la skuli, na kitanda chake hakuna mwenzake anayekitaka. Anayekilalia humsikia akimwita mama yake. Humo nilitia kila nilichokumbuka kutoka vile vijitabu: majini, kwato, damu kwenye ndoo ya maji ya kuogea. Nilijua wanapenda nini, kwa kuwa ndicho nilichokipenda.

Na kila nilipoandika nilimwogopa yeye. Alikuwa ameshastaafu, lakini akitokea mlangoni pa duka niliisukuma simu chini ya majora kama msichana aliyekamatwa na barua. Siku moja alikuja kununua kitambaa cha shuka. Alikipima kwa vidole, bila kunitazama akasema, "Nasikia unaandika."

"Nachezea tu, Mwalimu."

"Basi usiwaonyeshe watu mchezo wako."

Akalipa, akaenda zake. Nikaacha kuandika kwa muda. Kisha nikarudi, maana vijana waliniuliza kila siku, na ukweli ni kwamba hakuna mtu mwengine aliyewahi kuningoja mimi kwa jambo lolote.

Yaliyotokea yalianza baada ya Alasiri, siku za kukaribia mitihani, katika skuli ya sekondari ambako binti yangu Salma alikuwa anakaa dakhalia, kidato cha pili. Msichana mmoja wa Msuka alikuwa amekaa anajisomea karibu na dirisha. Akapiga kelele kwamba kuna mtu kakaa kitandani pake, akaanguka. Aliyemkimbilia akaanguka. Kisha mwengine, na mwengine, mpaka dakhalia nzima ikawa vilio. Nilipigiwa simu, nikaacha duka wazi nikapanda bodaboda.

Niliwakuta wamelazwa kwenye mikeka katika ukumbi wa skuli, wamefunikwa kanga, mama zao wamewashika mikono na miguu. Moshi wa ubani ulikuwa mzito, na shehe alikuwa akisoma kwa sauti ya juu ili asikike juu ya kelele. Nilimtafuta Salma kwa kuangalia nyayo, maana nyuso zilikuwa zimefunikwa. Nikamwona. Nikampigia magoti, nikamfunua. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakunitazama mimi. Akasema, polepole, kwa sauti ambayo sikuizaa:

"Mama, nimerudi. Fungua."

Maneno hayo niliyaandika mimi. Niliyaandika nimeegemea meza ya dukani, baina ya mteja mmoja na mwengine, huku natafuna embe. Nilimshika binti yangu mkono nikataka kumjibu, na sikuweza, kwa sababu niliogopa nikijibu nani ataniitika.

Mama aliyekuwa mkeka wa pili aligeuka. "Maneno hayo yamo kwenye simu," alisema. "Mwanangu anayasoma kila siku." Akanitazama vizuri. "Si ndiyo weye unayoyaandika?"

Salma alizindukana kabla ya Magharibi, akaomba maji, akaona haya. Nilipompeleka nyumbani nilimuuliza aliona nini. "Sikuona kitu, mama," akasema. "Wenzangu wote walikuwa wameshaanguka. Niliogopa kubaki nimesimama peke yangu." Nilitaka kumwamini. Lakini ile sauti niliisikia kwa masikio yangu, na ilikaa ndani ya nyumba pamoja nasi.

Siku zilizofuata wazazi walikuja kuwachukua binti zao. Nikiwa dukani niliona magodoro yanapita barabarani juu ya vichwa vya watu, na wasichana wakifuata nyuma na mabakuli yao. Asubuhi moja nilikuta yai na makaa mbele ya mlango wa duka. Sikujua niyaruke au niyafagie. Nilisimama pale na ufunguo mkononi mpaka jua likapanda. Jirani aliyekuwa akiniachia mtoto wake mchanga akienda sokoni alianza kwenda naye. Watu walivuka barabara wasinipitie karibu. Mume wangu alinipigia kutoka Unguja, akaniambia nifunge duka nimchukue Salma tuondoke. Sikuondoka. Niliogopa kwamba nikikimbia, nitakuwa nimekubali.

Kisha Sheha, mkuu wa mtaa wetu, akanitumia mtu kwamba kuna mkutano wa wazazi katika ukumbi wa skuli, na nije, na simu yangu nije nayo.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Wanawake upande mmoja, wanaume upande mmoja, mimi nimewekwa kwenye kiti mbele, peke yangu. Mzazi mmoja alisimama akasema dakhalia ifungwe, watoto warudi makwao, na mwenye binti aliyeposwa amwozeshe, maana skuli gani hii ya mashetani. Watu wengi waliitikia. Mwengine akasema mimi niapishwe, kisha nihame shehia. Waliitikia zaidi. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, nikiangalia mlango uko wapi na nani kasimama mbele yake.

Ndipo Sheha aliposema, "Yupo hapa Bi Mwalimu. Nusu yetu katufundisha yeye. Atwambie haya ni maandishi, au ni kitu chengine."

Nikajua nimekwisha. Hakukuwa na mtu mle ukumbini asiyejua anavyoziona hadithi za namna ile.

Alikuja mbele akishikilia viti, mguu kwa mguu. Alikuwa amezeeka sana tangu aliponunua ile shuka. Akasimama, akawatazama kama alivyokuwa akitutazama, na vishindo vikaisha.

"Nani kati yenu kaisoma?" aliuliza.

Watu walitazamana.

"Nipe simu," akaniambia.

Alibadilisha miwani. Akaanza kusoma, mwanzo kabisa, kwa sauti ile ile ya chini iliyokuwa ikitufanya tujute kuzaliwa. "Usiku ulikuwa wa giza totoro, na kimya kikuu kilitanda kila pembe." Akasita. "Hapa mwandishi kalala," alisema. "Giza totoro, kimya kikuu, hayo kayaokota njiani."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Akaendelea kusoma. Akafika penye jini. "Jini hili juu ya ukurasa lina kwato za punda," alisema, "na chini ya ukurasa limevaa viatu. Kwato kaziacha wapi?" Kicheko kidogo kikatoka upande wa wanawake. Akasoma tena, akasita tena. "Msichana huyu kalia mara tatu katika aya moja. Hana maji mwilini sasa." Ukumbi ukacheka. Katika safu ya wanaume nilimwona yule bwana wa Kisiwa Panza ameinama kwa mazoea, kana kwamba insha ni yake.

Nami nilikuwa nachunwa ngozi mbele ya watu wote, na papo hapo naokolewa, na sikujua nilie kwa lipi. Kila aliposita, kitu kile kilichotutisha kikapungua. Kikarudi kuwa maneno, tena maneno mabovu.

Akafika kipande cha mama. Yule msichana anarudi nyumbani, anagonga, anasema, Mama, nimerudi, fungua. Bi Mwalimu alisoma: "Mama aliitambua sauti. Aliijua kama alivyoujua uzito wa mtoto yule mgongoni. Akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga, pumzi yake isisikike nje."

Akasita. Watu wakangoja, wengine wameshaanza kutabasamu. Neno halikuja. Nilimwona akirudi kwa macho kwenye mstari ule ule, kisha akaishusha simu. Akanirudishia.

"Yatosha," alisema. Walidhani amechoka.

Kisha akazungumza nao. "Mmeniita niseme kama haya ni maandishi mazuri. Mengi yake si mazuri, na nimekuonyesheni. Lakini maandishi mabaya hayaiti shetani. Yangekuwa yanaita, mimi nisingebaki na darasa hata moja." Wakacheka tena. Hakucheka nao. "Watoto wenu wameogopa. Mtihani umekaribia, hawalali, na kila mmoja kaambiwa kwao kwamba akifeli ndiyo basi. Mtoto aliyeogopa hamwondoi skuli. Mnakaa naye. Nani atakuja kulala na watoto hapa wiki hii?"

Yule mzazi wa mwanzo akasimama. "Bi Mwalimu, si weye mwenyewe ulikuwa ukitwambia hadithi hizi upuuzi?"

"Nilisema, na nasema. Upuuzi haufungiwi skuli."

Si wote walioridhika. Msichana wa Msuka hakurudi, na nilisikia ameolewa. Wako wanaovuka barabara mpaka leo wakinikaribia. Lakini dakhalia haikufungwa. Akina mama wakapeana zamu ya kulala na watoto, na mimi nikashika zamu yangu kama wengine, na Salma akafanya mtihani wake. Nilipokwenda kumshukuru Bi Mwalimu siku ya pili alinijibu akiwa nyuma ya vyuma vya dirisha. "Sikukutetea wewe," alisema. "Niliwatetea wao." Hakunikaribisha ndani.

Mara ya mwisho kumwona hai ilikuwa masika yaliyofuata. Nilisikia anaumwa, moyo, na kwamba mpwa wake amekuja kukaa naye. Nilipika uji wa mchele nikaenda asubuhi, mvua inanyesha. Mpwa wake alikuwa anatoka kwenda kumnunulia dawa. Akaniingiza, akanambia nitie komeo nyuma yake, maana shangazi hatulii mlango ukiwa wazi.

Alikuwa kitandani, ameegemezwa mito, mdogo kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilimwogopa vile vile. Nilikaa ukingoni mwa kiti. Alikunywa uji vijiko vichache. Kisha, kwa kuwa nilihisi sitapata tena nafasi, nikamuuliza.

"Mwalimu, siku ile ya mkutano ulisita. Penye mlango. Hukusema kitu."

Alinirudishia kijiko.

"Hadithi yako nilikuwa nimeshaisoma," alisema. "Kabla ya mkutano. Mpwa wangu alikuja kunitembelea, akanifungulia kwenye simu yake. Niliisoma barazani, mchana, jua linawaka, watu wanapita. Majini yako hayakunifanya kitu. Nilikuwa nacheka. Nilipofika kwa yule mama niliingia ndani, nikafunga, nikakaa kitako chini."

"Samahani, Mwalimu."

"Usiombe radhi. Nakwambia jambo la kazi." Alipumzika kidogo. "Miaka yote nikikwambieni kinachotisha si fasihi. Nilikuwa nasema kwa sababu naogopa. Mtu mwoga huutafutia woga wake jina zuri. Mimi nilikuwa mwalimu, majina mazuri nilikuwa nayo mengi."

Moyo ulinienda kama wa mtoto aliyetoa daftari. "Kwa hiyo ni fasihi?"

"Ukurasa mmoja," alisema. "Watu hufa bila hata huo."

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Alikuwa ameukamata ukingo wa shuka kwa vidole, na macho yake yalikuwa mlangoni, si kwangu.

"Sasa huyo mama," alisema. "Anafungua?"

Kipande hicho nilikuwa sijakiandika. Vijana walikuwa wakiniuliza kila siku, na mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Niliangalia vile vidole. Niliona anachokiogopa, na kwamba kiko karibu, na kwamba anajua. "Anafungua, Mwalimu," nikamwambia. "Atamfungulia. Atamkumbatia."

Aligeuza uso akanitazama, na nilikuwa tena na miaka kumi na mitano. "Unajua hivyo," aliuliza, "au unanihurumia?"

Niliangalia kibakuli cha uji.

"Usimfungulie kwa ajili yangu," alisema.

Nikainamisha kichwa. Niliposhika kibakuli niondoke, akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Weye usende bado," alisema, kwa Kipemba cha kwao. "N'naogopa. Kaa."

Nikakaa. Hatukuzungumza tena habari za vitabu. Aliniuliza Salma anakula vizuri, nikamwambia anakula. Aliniuliza kitambaa cha sare kimepanda bei, nikamwambia kimepanda. Kisha akafumba macho, lakini mkono wangu hakuuachia, na kila upepo uliposukuma mlango vidole vyake vilinikaza.

Hodi ilipigwa. Sote wawili tukashtuka, na hakuna aliyeitika. Nilijua ni mpwa wake amerudi na dawa. Nani mwengine atakuja na mvua ile? Lakini nilisikia pumzi yangu imesimama, na yake imesimama, na tukabaki hivyo, tumeshikana, tunautazama mlango.

Ikapigwa tena.

"Kafungue," alisema.

Nikainuka, nikafungua.